Jina Nililomficha Mbiti

Kivaa, usiku wa kuamkia safari yako

Mumbua mwanangu,

Miaka yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kuuliza hali, kisha mwandishi aseme kwamba yeye ni buheri wa afya. Aliyesahau nilimkata alama. Leo nikate mimi. Hali yako naijua, umelala chumba cha pili na sanduku lako limefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu zipu ilikataa. Yangu haina buheri yoyote.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kutafuta kanisa sitayagusa. Shangazi zako wamekujaza hayo tangu Jumapili, na nilikuona ukiitikia kwa kichwa huku macho yako yako kwenye simu. Mimi niko na jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo, mimi ambaye mdomo ndio umenilisha. Huendi kumwokoa Mbiti.

Nakuambia hivi kwa sababu ya maneno uliyosema juzi kwenye maombi ya kukuaga. Ulisimama mbele ya kwaya, ukashika kipaza sauti kama mhubiri, ukasema, "Nikirudi kutoka Uholanzi nitarudi na dawa ya ndugu yangu." Watu wakapiga makofi mpaka mabati yakalia. Mbiti alikuwa pale mbele kwenye kiti chake cha magurudumu. Mikono yake haiinuki siku hizi, kwa hivyo alitikisa kichwa na kutabasamu. Watu walipoondoka, nikiwa namvua viatu, akaniambia, "Mwaitu, ambia Mumbua asiseme hivyo tena mbele ya watu. Atakuja kuaibika." Ana miaka kumi na sita, na anayemwonea huruma ni wewe.

Ndiyo maana naandika.

Wewe ulikuwa mdogo, kwa hivyo ndugu yako Mutinda unamkumbuka akiwa ndani ya wilbaro. Mimi namkumbuka akitembea. Alikuwa kifungua mimba wangu, mtoto wa kuringia. Alipofika miaka mitano alikuwa na mashavu ya miguu manene, yamejaa, magumu ukiyashika. Mwenye duka la pale sokoni alikuwa akimsimamisha juu ya gunia la mahindi ili wateja wamwone. "Mwalimu, huyu ako na miguu ya mpira! Huyu ndio atatutoa hapa Kivaa!" Nami nikavimba kichwa. Nilimkatia kaptura fupi makusudi ili miguu ionekane.

Alipoingia darasa la kwanza nilikuwa mwalimu wake. Madawati hayakutosha, wengine walikaa chini, na mwanangu nilimketisha chini na wengine ili nisisemwe. Nikimwuliza swali ilibidi ainuke. Aliinuka vile alivyoinuka nyumbani. Matako kwanza, halafu mikono kwenye magoti, halafu akaupanda mwili wake mwenyewe kwa mikono, magoti, mapaja, kiuno, mpaka akasimama. Darasa likacheka. Nami nikacheka, Mumbua. Nikamwambia, "Haya mutumia, umefika?" Mutumia, yaani mzee. Jina likamganda mpaka shule nzima ikamwita hivyo. Nilimchapa pia, kwa uvivu. Hapo sitakaa sana, maana nikikaa sitamaliza barua.

Ulipokuwa mwaka wa pili chuoni ulikuja na kitabu chako ukakifungua juu ya meza hii. Kulikuwa na picha za mvulana akiinuka kutoka sakafuni, hatua kwa hatua, matako kwanza, mikono magotini. Ukaniambia kuinuka huko kuna jina, la daktari fulani wa zamani aliyewatazama watoto wakiinuka hivyo akaandika. Nilikwenda jikoni nikajifanya naangalia githeri. Daktari yule aliona kitu kilekile nilichokiona mimi, na wale hawakuwa hata watoto wake. Yeye alikaa akatazama. Mimi nilikipa jina la utani. Huko uendako utaona mambo ya kuchekesha chini ya hizo darubini zenu, na wenzako watacheka. Wewe ukumbuke mama yako tu.

Mutinda alipoacha kutembea baba yako alimsukuma kwa wilbaro mpaka shule, zile wiki alizokuwa nyumbani kutoka Mlolongo anakovunja mawe. Wiki nyingine nilimsukuma mimi, na wewe ukafuata nyuma na mkoba wake kichwani. Unakumbuka jinsi gurudumu lilivyozama kwenye mchanga? Tulimpeleka hospitali, tukampeleka kwa waombaji, tukapewa vitamini, tukapewa mafuta ya kupaka. Julai moja, wakati wa baridi, kifua kilimshika na hakikumwachilia. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Sasa nikuambie la Susu yako, ambalo najua ulilisikia kwa wengine. Nyanya uliyepewa jina lake, Mumbua mkubwa, mama ya baba yako. Siku tuliyomzika Mutinda alinijia jikoni mbele ya wanawake waliokuwa wanapika, akasema bila kupaza sauti, "Kwetu hatuna wagonjwa. Hii damu mbaya umekuja nayo wewe." Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alitazama ile chai. Sijawahi kumwuliza aliona nini ndani yake.

Nimetoka kumgeuza Mbiti. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeshaanza kumwuma. Amefungua jicho moja akasema, "Bado unaandika? Hiyo ni barua ama ni insha?" Nikamwambia alale. "Mwambie aniletee jezi. Ya ukweli, si ya mtumba." Halafu akapumua zile pumzi zake fupi, mbili tatu, kabla usingizi haujamchukua. Nilisimama pale nikizisikiliza. Huwa nasimama hapo kila nikimgeuza, kama mtu anayengoja gari ambalo hataki lifike.

Nilikuwa nimefika kwa Susu. Mwaka uliofuata nikapata mimba, na nikaogopa mimba ile jinsi mtu anavyoogopa nyoka ndani ya nyumba. Wewe ni Mkamba kama mimi, desturi unaijua ingawa unaicheka. Mama aliyepoteza mtoto, anayemfuata humpa jina la mnyama. Nguku, Ngiti, Mbiti. Kuku, mbwa, fisi. Kifo kikija kikisikia jina kitasema, huyu ni wa kutupwa, kiteme mate kipite. Muuguzi aliyekuja kuandika jina hakuwa mtu wa huku lakini alikijua Kikamba kidogo. "Mama, kweli utaita mtoto fisi?" Nikamwambia, andika. Mimi mwalimu, mkristo wa tangu kubatizwa utotoni, nikamwita mwanangu fisi, nikakataza mtu yeyote kumsifu mbele yangu. Susu yako kwa mara ya kwanza akaniunga mkono.

Mbiti mwenyewe amelifanya jina hilo mchezo. Kila akitoka hospitali anasema, "Mimi ni fisi bana. Kifo ndio inaniogopa." Nami hucheka, halafu naenda kuangalia jiko ambalo halina kitu.

Alipofika miaka minne niliona mashavu ya miguu. Sikumwambia mtu. Nilimshonea suruali ndefu, hata wakati wa jua kali la Januari, watu wakasema mwalimu anaringa. Halafu ile siku ya kupura ndengu. Wewe ulikuwa kidato cha kwanza, umekuja likizo, unapepeta. Mbiti akaanguka kwenye turubai akaanza kuinuka. Matako kwanza. Niliona ungo wako umesimama hewani na ndengu zinamwagika upande mmoja. Ulipepeta mpaka jioni. Ukaniambia, "Mwaitu, mimi nitasoma hiyo kitu." Na mimi nikakusahihisha. Nikasema, "Kitu hicho." Ukaniangalia vibaya sana. Ulikuwa na haki.

Ukaisoma kweli. Sijui kama nimewahi kukuambia jinsi nilivyokutazama. Ulipotoka chuoni ulikuja na pipeti, ukachanganya maji na wino wa bluu ukawa unanyonya matone na kuyapanga kwenye kifuniko cha blubendi, kutwa nzima, mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Mbiti alikuwa mwamuzi. "Hiyo moja ni kubwa. Rudia." Ukarudia. Ulipoingia maabara kwa shahada ya pili nikadhani sasa tumefika. Nilikuwa sijui kwamba kazi yenu ni kukosa. Kila ukipiga simu, jaribio limekataa. Stima ikapotea, friza likayeyuka, kazi ya miezi ikawa maji. Ulilia usiku huo kwenye simu, na ukasema jambo ambalo nimekaa nalo: "Kila siku ikiharibika, naona ni siku ya Mbiti nimetupa." Hapo ndipo nilipojua umebeba mzigo usio wako.

Halafu ukapewa ruhusa kupima damu ya Mbiti. Ukaniletea picha kwenye simu, vimistari vimepangwa kama ngazi, vya mtu asiye mgonjwa upande huu na vya Mbiti upande ule. Kwenye ngazi ya Mbiti vidato viwili vilikosekana. Ukasema ulirudia yote upya ukidhani mkono wako ulikosea. Unakumbuka nilisema sielewi, ukachukua penseli ukageuza kalenda? Uliandika kwa herufi kubwa, BABA LETE MAJI. Nikakuambia umesahau koma baada ya baba. Ukasema, "Mwaitu, wacha koma." Ukaniambia mwili husoma herufi kwa mafungu, kama hapa ni nne nne. Ukafuta B ya kwanza, ukazisogeza zote, ukaandika ABAL ETEM AJI. "Kuanzia hapo hakuna neno. Mwili unasoma, unasoma, haupati neno." Miaka yote nasahihisha insha, na hakuna aliyewahi kunieleza kosa vizuri hivyo.

Nikauliza lilitoka wapi. Ukaeleza kwamba msichana hupewa nakala mbili za andiko hilo, na ile nzima huibeba ile mbovu, kwa hivyo yeye hutembea, huolewa, huwa mwalimu. Mvulana hupewa moja tu, na hiyo moja hutoka kwa mama yake. Ilikuwa nusu kwa nusu. Mutinda angeweza kupata ile nzima, na Mbiti vilevile. Ukaanza kulia, ukasema, "Si kosa lako, Mwaitu, si kosa lako," mpaka nikakuambia unyamaze.

Nilijua unalia nini. Ulidhani umenirudishia maneno ya Susu yako. Mwanangu, ulikuwa umenirudishia. Jina lake unalo, na siku hiyo ukachukua na maneno yake, damu mbaya umekuja nayo wewe. Sitakudanganya eti hayakuniuma. Yaliniuma kuliko yake, kwa kuwa yale ya Susu nilikuwa nimeyakataa miaka yote kwa hasira, na yako sikuwa na pa kuyakatalia. Lakini Susu aliyasema akaondoka kwenda kukaa na wenzake. Wewe uliyasema ukalala na mimi kitanda kimoja mpaka asubuhi, na baridi ya miguu yako. Kwa hiyo usiku ule nilikusamehe kosa ambalo hukulitenda.

Na ndipo nilipomkumbuka Kioko, kaka yangu aliyekufa kabla sijaolewa. Hakutembea. Mama alituambia ni polio, nasi tukasema polio, hata kwenye baraza la mahari wazee walisema polio. Polio ni ugonjwa wa heshima, hauzuii binti kuolewa. Leo najua mama naye alikuwa na kaka wa namna hiyo, na alijua mgonjwa wa polio hazidi kudhoofika mpaka akashindwa kushika kijiko. Wanasema mficha uchi hazai. Mama yangu aliuficha, na mimi nikazaa.

Kwa hivyo kuhusu wewe mwenyewe sijakuuliza kitu na sitauliza. Najua hujapima damu yako. Nafikiri najua pia kwa nini yule kijana wa Machakos mjini haji tena, na simlaumu wala sikulaumu. Pima ama usipime, lakini usimwambie mtu yeyote polio.

Mwaka jana uliwaandikia wale watafiti wanaojaribu dawa. Wakajibu kwa upole kwamba wanachukua wavulana ambao bado wanatembea. Ulificha jibu lile wiki nzima. Mbiti alishalisoma begani kwako siku ya kwanza. Alichosema kwangu ni hiki, "Ni sawa. Wachukue wale bado wako na miguu." Halafu akaniomba nimwekee mpira kwenye simu.

Daktari aliyemwona mwezi uliopita amesema moyo wake umechoka. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa unangoja viza. Sasa unajua. La kuvunda halina ubani. Masomo yako ni ya miaka, na Mbiti hana miaka. Hata mkivumbua kitu, wewe na wenzako, kitawafikia watoto wa wanawake ambao leo bado ni wasichana wadogo wa kucheza mpira wa kati, na sina hakika hata na hilo, nimeona jinsi mambo yenu yanavyoharibika. Nikisema nina matumaini nitakuwa natia chumvi, na nimechoka kutia chumvi. Nenda tu. Kaa huko hata kama hakuna linalotoka. Nilikaa darasani miaka mingi sana na watoto wengi hawakujua kusoma walipoondoka, na bado asubuhi nilichukua chaki.

Simu itakuja. Baba yako hajui kupiga simu bila sababu, kwa hivyo ukisikia sauti yake badala ya yangu utakuwa umeshaambiwa. Siku hiyo labda utakuwa na matone yako yamepangwa nusu. Usije ukahesabu siku zote ulizokosea majaribio ukasema ndizo zilizomuua. Hazikumuua. Aliyempa alichonacho ni mimi, na mimi sikukusudia.

Limebaki moja. Hili baba yako hajui, na Susu alikufa bila kulijua.

Kwa desturi yetu mvulana wa kwanza ni wa upande wa baba, wa pili ni wa upande wangu. Mbiti alikuwa apewe jina la baba yangu, Kyalo. Safari. Baba yangu alikuwa mtu wa miguu, alikwenda Masinga na kurudi akipiga mluzi, na alikufa mzee siku ambayo asubuhi alikuwa shambani. Mbiti alipozaliwa, mkunga alitoka kuchukua maji, tukabaki wawili. Nikamwinamia sikioni nikamwita, "Kyalo." Mara moja tu. Akanyamaza kulia. Halafu mkunga akarudi, nikafunga mdomo. Nilijiambia nitamrudishia jina lake akishakuwa mkubwa, kifo kikishapita na kwenda zake. Nikamlinda mlangoni miaka yote hiyo, na kifo kilikuwa ndani pamoja naye, nilikuwa nimekiingiza mimi mwenyewe kabla hajapewa jina lolote.

Wiki hii yote nimejaribu kumwita. Nasimama kando ya kitanda, nafungua mdomo, natoka. Nikilitamka nitakuwa nimekubali kwamba anaondoka.

Kwetu wanaompa mtoto jina ni kina susu. Mama yangu amekufa, wa baba yako amekufa, na Mumbua aliyebaki katika nyumba hii ni wewe. Kesho gari likifika usimwambie habari za dawa. Nenda kwenye kiti chake umwite Kyalo. Atageuka kuangalia ni nani huyo, halafu atakutania, unamjua. Mwambie ni yeye, ni jina lake la tangu kuzaliwa, na mama ndiye aliyelificha. Mwite kwa sauti, majirani wasikie, hata kifo kikitaka kisikie. Sitaki mwanangu aondoke akiitwa fisi.

Mimi nitakuwa nyuma yake nimeshika kiti. Nataka nimsikie akiitika.

Ni mimi,
Mwaitu